Rangi za bendera ya taifa: chimbuko lake na maana yake

WAHENGA walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kauli hiyo yafaa kukumbukwa kila ifikapo Desemba 12, Wakenya wanapokusanyika kuitazama bendera yao ikipandishwa mlingotini. Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa maana ya rangi za bendera hiyo hujibu bila kusita: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na rutuba yake, na nyeupe ni amani. Ngao na mikuki huashiria utayari wa kuyalinda hayo yote.

Jibu hilo ni sahihi, ila ni fupi mno. Halielezi kwamba rangi nyekundu ilipofafanuliwa mbele ya umati mwaka 1952 ilikuwa na maana tofauti na hii inayofundishwa darasani. Halielezi pia jinsi mistari myeupe ilivyoongezwa juu ya rangi tatu zilizokuwa za chama cha siasa, wala kwa nini ilihitajika. Rangi za Kenya zina historia ndefu kuliko uhuru wenyewe, na maana zake zimekuwa zikipanuka na kubadilika kadiri nchi ilivyopitia mambo mazito.

Sheria yasemaje

Kifungu cha 9 cha Katiba iliyoidhinishwa mwaka 2010 kinataja alama nne za taifa: bendera, wimbo wa taifa, nembo ya taifa na mhuri wa umma. Maelezo ya alama hizo yamo katika Jedwali la Pili. Kuhusu bendera, jedwali hilo linasema kuna mistari mikuu mitatu yenye upana sawa, nyeusi ikiwa juu, nyekundu katikati na kijani chini, ikitenganishwa na mistari myembamba myeupe, na katikati pamewekwa ngao na mikuki myeupe. Mchoro wenye vipimo umeambatanishwa.

Maelezo ya jedwali yanaishia hapo. Katiba inataja rangi na mpangilio wake, lakini haisemi neno lolote kuhusu maana ya rangi hizo. Maana imeachiwa mapokeo: hotuba za viongozi, vitabu vya shule, gwaride la skauti, na wazee wanaowasimulia wajukuu. Hii ndiyo sababu historia ya rangi hizi ni muhimu. Jambo lisiloandikwa katika sheria huhifadhiwa na kumbukumbu, na kumbukumbu isipotunzwa hupotoka.

Mbali na Katiba, ipo Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, ambayo ni Sura ya 99 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo inadhibiti matumizi ya bendera na nembo, hasa katika biashara, na inaharamisha vitendo vya kuzidharau.

Bendera za wageni

Kabla ya mwaka 1963 eneo ambalo leo ni Kenya lilitambulishwa kwa bendera za watu wengine. Ile ya koloni ilikuwa ya samawati iliyokoza, ikiwa na bendera ya Uingereza katika pembe ya juu karibu na mlingoti, na upande wa pili akachorwa simba mwekundu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Hapakuwa na rangi hata moja iliyowataja wenyeji.

Pwani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliutawala kwa mkataba wa mwaka 1895 wakimlipa Sultani kila mwaka. Kwa sababu hiyo bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa kwa miaka yote ya ukoloni. Katika Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru, serikali za Kenya na Zanzibar zilikubaliana ukanda huo uwe sehemu ya Kenya. Kwa wenyeji wa Mombasa, Malindi na Lamu, ujio wa bendera mpya ulimaanisha kuagana na bendera mbili kwa mpigo.

Chama cha KAU na mkutano wa Nyeri

Chimbuko la karibu la rangi za Kenya ni bendera ya chama cha Kenya African Union, kilichofahamika kwa ufupisho wa KAU. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1944, na kuanzia mwaka 1947 kikaongozwa na Jomo Kenyatta. Mwaka 1951 kilijitungia bendera. Mwanzoni ilikuwa na rangi nyeusi na nyekundu, kisha kijani ikaongezwa na mistari ikawa mitatu: nyeusi, nyekundu na kijani. Katikati paliwekwa alama nyeupe ya ngao pamoja na mkuki na mshale vilivyopishana.

Mnamo Julai 26, 1952, chama hicho kilifanya mkutano mkubwa wa hadhara mjini Nyeri. Maelfu ya watu walihudhuria, na maofisa wa serikali ya kikoloni walikuwapo wakiandika kila neno. Kutokana na rekodi hiyo, ambayo baadaye ilichapishwa katika ripoti ya serikali, twajua jinsi Kenyatta alivyoieleza bendera kwa umati ule.

Alisema nyeusi ni ya watu weusi. Kuhusu nyekundu, alieleza kwamba ilikuwapo kuonyesha kuwa damu ya Mwafrika na damu ya Mzungu ni za rangi moja. Kijani, kwa maelezo yake, ilikumbusha kwamba Mungu aliwapa Waafrika nchi ya kijani, yenye rutuba na iliyo njema. Kisha akawaonyesha wasikilizaji kwamba kijani kilikuwa chini ya nyekundu, kimekandamizwa. Ngao, mkuki na mshale vilikuwa ukumbusho wa mababu waliotumia silaha hizo kuilinda ardhi.

Maelezo hayo yastahili kuangaliwa kwa makini. Nyekundu ya mwaka 1952 haikuzungumzia damu iliyomwagika. Ilikuwa hoja ya usawa wa binadamu, iliyotolewa katika nchi ambamo rangi ya ngozi iliamua mtu angelima wapi, angesoma wapi na angelipwa kiasi gani. Na mpangilio wa mistari, ambao leo watu wengi huuona kuwa wa kupendeza macho tu, ulipewa maana ya kisiasa: ardhi iliyo chini ikisubiri kukombolewa. Katika mkoa ambao mashamba bora yalikuwa yametengewa walowezi, kila msikilizaji alielewa.

Haikupita miezi mitatu kabla ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, Oktoba 20, 1952. Kenyatta alikamatwa usiku huo pamoja na viongozi wenzake, wakashtakiwa Kapenguria na kufungwa. KAU kilipigwa marufuku mwaka 1953. Bendera yake ikatoweka hadharani, lakini rangi zake hazikusahaulika.

Ukoo wa mbali wa rangi tatu

Rangi nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa tayari zimeungana ng'ambo ya bahari kabla ya KAU kuzaliwa. Mnamo Agosti 1920, mjini New York, chama cha Universal Negro Improvement Association kilichoongozwa na Marcus Garvey, mzaliwa wa Jamaica, kilipitisha azimio la haki za watu weusi duniani. Kifungu kimoja cha azimio hilo kilitangaza nyekundu, nyeusi na kijani kuwa rangi za watu weusi popote walipo. Nyekundu ilichukuliwa kuwa damu, nyeusi kuwa watu, na kijani kuwa uoto wa bara la Afrika.

Fikra za Garvey zilisafiri kwa magazeti, kwa mabaharia na kwa wanafunzi. Kenyatta mwenyewe aliishi Uingereza kuanzia mwaka 1931 hadi 1946, na Oktoba 1945 alishiriki katika Kongamano la Tano la Afrika lililofanyika Manchester, pamoja na Kwame Nkrumah na wanaharakati wengine. Katika mazingira hayo lugha ya rangi ilikuwa imekwisha kueleweka. Mtu aliyeziona nyeusi, nyekundu na kijani pamoja alijua zinazungumzia ukombozi wa mtu mweusi.

Kuna pia mkondo wa pili wa rangi za Kiafrika, ule wa kijani, manjano na nyekundu, uliotokana na bendera ya Ethiopia, nchi iliyowashinda wavamizi wa Kiitaliano katika vita vya Adowa mwaka 1896. Ghana ilipopata uhuru Machi 6, 1957, iliufuata mkondo huo na kuongeza nyota nyeusi. Kenya ilifuata mkondo wa kwanza.

Kutoka chama hadi taifa

Vyama vya siasa vya kitaifa viliporuhusiwa tena, viwili viliibuka mwaka 1960. Kanu kiliwaleta pamoja James Gichuru, Jaramogi Oginga Odinga, Tom Mboya na wengine, na Kenyatta akakiongoza baada ya kuachiliwa mwaka 1961. Kadu kiliongozwa na Ronald Ngala, akiwamo pia Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Kadu kilihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na zile kubwa, kwa hiyo kikadai serikali za majimbo.

Kanu kilirithi rangi za KAU: nyeusi, nyekundu na kijani. Kiliposhinda uchaguzi wa Mei 1963 na kuunda serikali ya madaraka Juni 1, swali la bendera likawa la haraka. Katika nchi nyingi zilizokuwa zikipata uhuru, chama kilichoshinda kilipeleka rangi zake moja kwa moja katika bendera ya taifa. Kenya ingeweza kufanya hivyo. Lakini bendera ambayo nusu ya wananchi wangeiona kuwa ya wapinzani wao isingekuwa bendera ya taifa. Ingekuwa bendera ya washindi.

Suluhisho lilipatikana katika mistari miwili myembamba myeupe. Rangi tatu za Kanu zilibaki katika mpangilio ule ule, ila kati ya nyeusi na nyekundu, na kati ya nyekundu na kijani, ukapitishwa mstari mweupe. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba nyeupe iliingizwa kwa ajili ya amani na umoja, na kwamba iliwapa wafuasi wa Kadu nafasi ya kujiona ndani ya bendera. Katikati ikawekwa ngao ya Kimaasai na mikuki miwili iliyopishana. Kumbukumbu nyingi humtaja Dawson Mwanyumba, mwanasiasa kutoka Taita aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza, kuwa ndiye aliyeisanifu.

Jirani wa kusini alikuwa ametangulia kufanya jambo linalofanana. Bendera ya chama cha Tanu ilikuwa ya kijani na nyeusi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, rangi hizo zilichukuliwa, lakini mistari myembamba ya manjano ikapitishwa kati yake ili kuitofautisha ya taifa na ya chama. Mstari mwembamba, katika bendera zote mbili, ndio unaotenganisha chama na nchi.

Kenya haikufaulu kikamilifu katika utenganisho huo. Nembo ya taifa, ambayo nayo ina ngao yenye mistari ya rangi zile zile, imebeba jogoo anayeshika shoka, na jogoo alikuwa alama ya Kanu. Kadu kilijivunja Novemba 1964 na wabunge wake wakajiunga na Kanu. Mwaka 1982 Katiba ilirekebishwa kuifanya nchi kuwa ya chama kimoja, hali iliyodumu hadi Desemba 1991. Katika miaka hiyo rangi za chama na rangi za taifa zilining'inizwa pamoja katika mikutano, na si rahisi kwa mtazamaji kuona moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kanu kiliondolewa mamlakani katika uchaguzi wa Desemba 2002. Bendera haikubadilishwa, na hakukuwa na kishindo cha kutaka ibadilishwe. Huo ulikuwa ushahidi kwamba mistari ile myeupe ilikuwa imefanya kazi yake.

Usiku wa kupandishwa

Saa sita usiku, kuamkia Desemba 12, 1963, maelfu walikusanyika katika uwanja ambao leo huitwa Uhuru Gardens, kando ya barabara ya Lang'ata jijini Nairobi. Mwanamfalme Philip aliiwakilisha Uingereza, naye Kenyatta alikuwapo kama Waziri Mkuu. Taa zilizimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa gizani, na taa zilipowashwa tena bendera ya Kenya ilikuwa ikipanda mlingotini.

Wakati huo huo bendera nyingine ilipelekwa kileleni mwa Mlima Kenya. Mpanda milima Kisoi Munyao aliisimika katika kilele cha Lenana, na jina lake likaingia katika vitabu vya historia. Munyao alifariki mwaka 2007. Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 12, 1964, bendera ilibaki ile ile.

Nyeusi: wananchi ni nani?

Rangi nyeusi husimama juu kuwakilisha watu wa Kenya. Mwaka 1952 haikuhitaji ufafanuzi, kwa sababu waliokuwa wamenyimwa haki walikuwa Waafrika. Baada ya uhuru swali likawa pana zaidi. Miongoni mwa walioteseka kwa ajili ya nchi hii walikuwamo watu wa asili ya Asia, kama vile Makhan Singh, mwanzilishi wa harakati za wafanyakazi aliyezuiliwa kwa zaidi ya miaka kumi, na Pio Gama Pinto, aliyeuawa Nairobi Februari 1965. Mwaka 2017 Serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi.

Wapo pia Waafrika walioishi chini ya bendera hii kwa miongo mingi bila kuhesabiwa kuwa wake. Wamakonde wa Kwale walipata kutambuliwa kuwa raia baada ya kutembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 kuwasilisha kilio chao. Washona walitambuliwa mwaka 2020 na Wapemba mwaka 2023. Kila mara mlango unapofunguliwa hivi, rangi nyeusi hupata upana mpya, na huwa si rangi ya ngozi tena. Huwa ni jina la watu wote walio wa nchi hii.

Nyekundu: damu na deni

Nyekundu ndiyo rangi iliyobadilika zaidi. Kati ya hotuba ya Nyeri na usiku wa uhuru ilipita miaka kumi na mmoja iliyoshuhudia hali ya hatari, kambi za kizuizini, vijiji vya lazima na vita vya msituni. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 18, 1957. Baada ya hayo, hakuna aliyeweza kuitazama nyekundu na kuona usawa wa damu pekee. Ikawa damu iliyomwagika.

Hata hivyo, kulikuwa na mkanganyiko mkubwa. Bendera iliitukuza damu hiyo tangu mwaka 1963, ilhali vuguvugu la Mau Mau, ambalo wapiganaji wake ndio waliomwaga sehemu kubwa ya damu hiyo, liliendelea kuwa haramu kisheria. Marufuku iliyowekwa na wakoloni mwaka 1950 haikuondolewa hadi mwaka 2003, chini ya serikali ya Rais Mwai Kibaki. Kwa miaka 40 mkongwe wa msituni aliweza kuisimamia bendera wima asubuhi, kisha asiruhusiwe kusajili chama cha wenzake mchana.

Hatua nyingine zilifuata polepole. Februari 18, 2007, sanamu ya Kimathi ilizinduliwa katika barabara inayoitwa kwa jina lake jijini Nairobi. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso yaliyotendwa wakati wa hali ya hatari na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Septemba 2015 mnara wa kuwakumbuka waliotendewa ukatili huo ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park. Wengi waliostahili kuuona walikuwa wamekwisha kuaga dunia.

Maana ya zamani ya nyekundu haifai kutupwa. Damu ya kila mtu ni ya rangi moja: fundisho hilo liliwalenga walowezi mwaka 1952, lakini linawahusu pia Wakenya wanapotazamana kwa jicho la ukabila.

Kijani: ardhi iliyo chini

Kijani huwakilisha ardhi, misitu na mazao. Kuna ukweli ambao rangi hii haiuonyeshi: takriban asilimia 80 ya nchi ni kame au nusu kame. Mfugaji wa Turkana, Marsabit au Garissa huisubiri kijani kama wengine wanavyosubiri mgeni. Uadimu huo ndio unaoifanya ardhi yenye rutuba kuwa chanzo cha migogoro mingi.

Uhuru ulileta mipango ya kuwapa Waafrika makao katika mashamba ya walowezi, lakini ardhi nyingi iliishia mikononi mwa wachache. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilieleza kwa kina jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kiholela katika miaka iliyofuata uhuru, na Katiba ya mwaka 2010 ikatenga sura nzima, ya tano, kwa ajili ya ardhi na mazingira. Yule aliyesema mwaka 1952 kwamba kijani kimekandamizwa baadaye alitawala kwa miaka 15, na swali aliloliuliza Nyeri linaulizwa hadi leo.

Mtu aliyeichukulia rangi hii kwa uzito kuliko wengi ni Profesa Wangari Maathai. Alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akapinga ujenzi wa jengo refu katika Uhuru Park mwaka 1989, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akapigwa na walinzi alipokuwa akitetea msitu wa Karura. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Ndani ya mtu mmoja kijani na nyeupe zilikutana.

Nyeupe: mstari mwembamba

Nyeupe ndiyo nyembamba kuliko zote. Kwa macho haichukui nafasi kubwa, lakini ikiondolewa, bendera hurudi kuwa rangi za chama. Yafaa pia kuzingatia mahali ilipowekwa: kati ya watu na damu, na kati ya damu na ardhi. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo amani ingehitajika zaidi.

Mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008 mstari huo ulikatika. Baada ya uchaguzi uliozozaniwa, majirani waliuana, nyumba zikachomwa na maelfu wakakimbilia kambi za wakimbizi wa ndani. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Maafa hayo yalizuka kuhusu kura, lakini nyuma yake palikuwa na malalamishi ya zamani ya ardhi na ya nani mwenyeji na nani mgeni. Yaani kijani na nyeusi. Mapatano yaliyotiwa saini Februari 28, 2008, ndiyo yaliyofungua njia ya Katiba mpya.

Ngao, mikuki na matumizi

Ngao iliyo katikati ni ya Kimaasai, lakini ngao na mkuki vilitumiwa na jamii nyingi za nchi hii, na ndiyo maana alama hiyo ilikubalika kwa wepesi. Ngao ni chombo cha kujikinga, na kuwekwa kwake mbele ya mikuki hufasiriwa kuwa Kenya hujilinda bila kuchokoza.

Si kila mtu aruhusiwaye kuitundika bendera garini. Hiyo ni heshima ya viongozi wachache waliotajwa kisheria. Baada ya serikali 47 za kaunti kuanza kazi mwaka 2013 kulizuka mvutano kuhusu iwapo magavana wana haki hiyo. Kiongozi mkuu wa kitaifa anapofariki, bendera hupepea nusu mlingoti na jeneza lake hufunikwa kwa bendera.

Mwananchi wa kawaida ameipata bendera kwa njia nyingine. Naftali Temu aliposhinda mbio za mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968 na kuiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, rangi hizi zilipandishwa mbele ya ulimwengu. Tangu hapo wanariadha wamezifanya zijulikane hata na watu wasioweza kuionyesha Kenya katika ramani. Juni 2024, vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, wengi walijifunga bendera ya taifa na kuziacha rangi za vyama nyumbani. Baadhi yao waliuawa. Kwa familia zao, nyekundu imepata maana ya karibu mno.

Ndugu wa rangi

Kenya haiko peke yake. Malawi iliyopata uhuru Julai 6, 1964, nayo ilichagua nyeusi, nyekundu na kijani kutoka chama tawala, ikaongeza jua linalochomoza. Mwaka 2010 serikali ya huko ilibadilisha mpangilio wa mistari na kuchora jua kamili, ikidai nchi imeendelea. Wananchi wengi hawakuridhika, na mwaka 2012 bendera ya zamani ikarejeshwa. Sudan Kusini, iliyojitenga Julai 9, 2011, ina mistari ya rangi zile zile na mistari myeupe kati yake, pamoja na pembetatu ya samawati yenye nyota. Mkataba wa amani uliowafikisha huko ulitiwa saini Nairobi, Januari 9, 2005.

Somo la Malawi ni kwamba rangi za taifa hazibadilishwi kwa amri zikakubalika. Maana zake hujengwa na watu, kizazi baada ya kizazi. Rangi zilizotungwa na KAU mwaka 1951 zilisema watu, usawa na ardhi. Vita vikaongeza damu iliyomwagika. Mwaka 1963 ukaongeza amani. Kwa kuwa Katiba haikuziandika maana hizo, Mkenya anayemfundisha mtoto rangi za bendera ndiye mlinzi wake wa kweli, na ni vyema amfundishe zote, ile mpya pamoja na ile ya kale.